Sauti ya Baba Luc

Kalunguta, 5 Novemba 2023

Kwa Élise, mke wa mwanangu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mjukuu wangu. Mimi nipo, magoti ndiyo yamekuwa wazee kabla yangu. Barua hii anakuletea Jean-de-Dieu, motari wetu wa pikipiki, anayeteremsha maharage Butembo kila wiki. Unajua mimi simu sina, na hata ningekuwa nayo, mtandao wa hapa kwetu haushiki mpaka upande kilima cha wamishonari. Sitapanda kilima ili niulize habari za damu yangu.

Nina neno moja. Luc ametimiza miaka mitatu na zaidi, nami sijamwona tangu alipokuwa anatambaa. Esdras yuko Manguredjipa katika machimbo ya dhahabu, hilo nalielewa, kazi ni kazi. Lakini mtoto hachimbi dhahabu. Wajukuu wote wa ukoo huu husimama mbele ya kanisa siku ya Noeli na kusema mstari wao. Baba yake alisimama akiwa mdogo kuliko Luc, akasema wake bila kukosea. Wewe umelelewa Kikatoliki na pengine desturi hii huijui vizuri, ndiyo maana nakueleza mapema. Mimi ndiye mwalimu wa shule ya Jumapili. Watasema nini mjukuu wangu peke yake asipoonekana?

Mniletee mtoto.

Mama yako mkwe,
Agar Kyakimwa


Butembo, 13 Novemba 2023

Mama yangu Agar,

Barua yako imenifurahisha sana. Pole kwa magoti. Nakutumia dawa ya kuchua katika chupa ndogo ya kijani. Usiinywe tafadhali, ni ya kupaka.

Luc hajambo na amekua. Mama, ungemsikia ungeshangaa. Anajua rangi zote kwa Kifaransa. Ukimwonyesha kitambaa chekundu anasema "rouge", cha bluu anasema "bleu", na anahesabu mpaka vingt, yaani ishirini, kwa ulimi wa Wazungu wenyewe. Amejifunza yote katika simu, kwenye filamu za watoto. Wateja wangu wakija kupimwa nguo wanasimama kumsikiliza. Juzi mmoja aliniambia, "Mama Luc, ule mutoto iko na akili ya ministre." Anakutaja pia. Jana aliniuliza, "Mukaka iko na mbuzi ngapi?" Nikamwambia bibi yake ana mbuzi wengi na atawaona siku moja.

Kuhusu Noeli, Mama, nisamehe. Huu ndio wakati watu wote wa Butembo wanataka nguo mpya, na mashini yangu hailali. Tena Luc ana kikohozi kidogo, na barabara unaijua. Labda Pasaka.

Mtoto wako,
Élise Kanyere


Kalunguta, 20 Novemba 2023

Élise,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na safari ya mwisho niliisoma kwa sauti mbele ya akina mama wa kanisa, tulipokuwa tunapalilia shamba la mchungaji. Mtoto wa miaka mitatu anahesabu kwa Kifaransa na anauliza habari za mbuzi zangu! Mke wa mzee wa kanisa, ambaye mjukuu wake hata kamasi hajui kupenga, alinyamaza mpaka tulipomaliza mstari wa mwisho wa mahindi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kwa hiyo nimekwisha kuandikisha jina lake kwa ibada ya Noeli. Kikohozi nitakitibu kwa asali. Kama huna nafasi ya kuja, baki na mashini yako. Wifi yako Séphora atafika Butembo katikati ya Desemba kununua chumvi na sabuni, naye atarudi na mtoto. Mstari nitamfundisha mwenyewe. Mtoto mwenye akili hivyo, siku mbili zinatosha.

Usiniambie Pasaka. Pasaka sijui kama nitakuwapo.

Agar Kyakimwa


Butembo, 15 Desemba 2023

Mama,

Naandika haraka, Séphora amesimama mlangoni na Jean-de-Dieu anapiga honi. Katika mfuko kuna koti lake, unga wa uji, na ndala. Luc ana haya mbele ya watu asiowazoea. Asiposema, tafadhali usimlazimishe. Ataangalia tu, ndivyo alivyo.

Chini kabisa ya mfuko kuna simu yangu ya zamani, isiyo na laini. Akilia, mpe.

Mama, mpe, nakuomba.

Élise


Kalunguta, 27 Desemba 2023

Élise,

Nilitaka kuandika siku ile ile ya Noeli, lakini mkono ulikuwa na hasira kuliko kichwa, nikauacha upoe.

Mtoto amefika salama. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikamsalimu kwa Kinande, "Wavukire." Akaniangalia. Nikamsalimu kwa Kiswahili. Akaangalia kuku. Nikasema ni ile haya uliyoiandika. Nikamfundisha mstari wake asubuhi na jioni, na mstari wenyewe ni wa maneno machache. Hakurudisha hata moja. Bado nikajipa moyo, nikasema mbele ya watu atafunguka.

Tukaenda kanisani. Nikamsimamisha mbele, amevaa shati jeupe ulilomshonea, zuri kweli. Mwanao akatazama juu ya vichwa vya watu, kama mtu anayesoma ukutani, akaanza: un, deux, trois, mpaka vingt, halafu akaimba wimbo wa bata. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema, "Tunapata hapa professeur." Nami nikapiga makofi, maana ningefanya nini?

Lakini tuliporudi nyumbani, nikamkuta amesimama karibu na mtungi, analia, anapiga mguu chini. Nikamuuliza ana nini. Nikampa ndizi, akaitupa. Nikamgusa tumbo, nikamvua viatu, nikamtafuta siafu mwilini. Alilia mpaka sauti ikakauka. Ni Séphora aliyechota maji, na mtoto akalirukia lile kopo akanywa na kunywa. Alikuwa na kiu, Élise. Alikuwa amesimama kando ya maji na hajui kusema maji.

Mtoto anayejua "vingt" na hajui "maji". Na yule aliyeuliza habari za mbuzi zangu ni nani? Maana huyu wangu hajaniuliza kitu.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Ulinificha mimi, ukanisimamisha mbele ya kanisa nimevaa fahari ya uongo. Nimeumia. Kwa hiyo Luc harudi Butembo. Ni wa ukoo huu, atakaa hapa, nitamfundisha kusema kama nilivyomfundisha baba yake. Na ile simu yako, ambayo naona ndiyo imekula ulimi wake, nimeifungia katika sanduku la nguo. Kila asubuhi anakwenda kulipiga lile sanduku kwa ngumi. Apige. Atachoka.

Agar


Butembo, 4 Januari 2024

Mama Agar,

Nimeanza barua hii nikaichana, na hii nayo sijui kama itafika nzima.

Ni kweli. Luc hajaniuliza kitu, hata mimi. Maneno ya mbuzi niliyatunga. Kila mara ulipoandika "Luc anasema nini sasa?" nilikosa la kukujibu, na nilikuwa nawasikia watoto wa majirani, walio wadogo kuliko yeye, wanavyoomba mkate, wanavyosingizia wenzao, wanavyosema uongo wao mdogo mtamu. Nikawa naokota maneno yao nampa Luc katika barua. Nilikuwa naogopa hili ulilolifanya sasa, kwamba utamchukua.

Nilikwenda naye kwa muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu. Alimpima masikio, akasema, "Masikio iko muzuri. Mama, unamusemeshaka?" Sikuelewa vizuri aliniuliza nini. Nilimjibu kwamba simu inamsemesha siku nzima.

Naomba uone chumba changu, Mama. Meza ya kukatia iko hapa, mashini iko hapa, na pasi ya makaa iko sakafuni kwa sababu juu hakuna nafasi. Alipoanza kutembea alikwenda moja kwa moja kwenye pasi. Alama ya moto iko kwenye kiganja chake cha kushoto, nadhani umeiona. Tangu siku hiyo nilimpa simu, akakaa chini ya meza ametulia, nami nikaweza kushona. Mashini inapiga kelele hata mtu mzima hasikii mwenzake. Kisha akaanza kusema "rouge", watu wakashangaa, nami nikafurahi, nikasema basi, mwanangu anasoma. Nilikuwa peke yangu na Baba yake yuko mbali. Sisemi haya ili unihurumie.

Lakini kuna jambo moja la simu hujalijua, na hili nakuomba ulisome vizuri. Humo hamna bata peke yake. Esdras akipata mtandao kule Manguredjipa anatuma sauti yake, naye husema na Luc. Zote nimezihifadhi kwenye simu ile. Luc hamjui baba yake kwa uso, alikuwa mchanga alipoondoka. Anamjua kwa sauti. Kila siku kabla ya kulala humsikiliza. Mama, anapopiga lile sanduku, sijui kama anamtafuta bata. Nadhani anamtafuta baba yake.

Nilitaka kuja kumchukua. Nilifika mpaka kituo cha magari, lakini tangu risasi zile za juzi barabara imefungwa na watu hawapakiwi. Jean-de-Dieu anapita njia za mashamba na mizigo tu, anasema mwanamke hatambeba, asije akajibu mbele ya Mungu. Nimerudi nyumbani na mfuko wangu.

Fungua sanduku. Luc mwenyewe anajua pa kubonyeza.

Élise


Kalunguta, 14 Januari 2024

Élise,

Nimefungua.

Simu ilikuwa imekufa. Nikaipeleka kwa Sadrack, kinyozi mwenye plaque ya kuvuta umeme wa jua, akaitia moto. Nilipompa Luc, hakuruka wala hakucheka. Aliketi chini akaiweka juu ya magoti, kidole kikapita hapa na hapa, na mara nikasikia, "Luc, papa hapa. Umekula nini leo?"

Mwanangu. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Unajua tangu lini sijasikia sauti ya Esdras? Nimesoma barua zake, lakini barua haina kikohozi, haina ile namna yake ya kuvuta neno la mwisho kama marehemu baba yake. Nililia, sioni haya kukuambia.

Halafu nikaona mtoto ameulizwa na hajibu. Hilo sikuweza kulivumilia, baba anauliza na nyumba nzima kimya, tabia gani hiyo! Nikainama karibu na simu, nikajibu kwa nguvu maana Manguredjipa ni mbali, "Amekula bitoke na maharage, Esdras! Na yai nusu, nusu nyingine amempa kuku!" Luc akageuka akanitazama usoni. Tangu afike hapa hajawahi kunitazama hivyo.

Sasa tunazungumza na Esdras kila jioni. Nashangaa mtandao hapa haushiki kwa mtu yeyote ila kwa mtoto huyu, na sauti iko safi kabisa. Ila nina malalamiko juu ya mume wako. Namuuliza habari za afya yake, yeye anaendelea na yake. Namwambia choo cha nyuma kimebomoka, ananiuliza tena Luc amekula nini, neno lile lile la jana. Nimemwambia wazi, "Esdras, mimi ni mama yako, nisikilize kwanza." Hakuomba hata msamaha. Dhahabu inaharibu watu.

Luc anakaa katikati yetu, anamwangalia anayesema, halafu ananigeukia mimi, anangoja. Nikichelewa kujibu ananivuta kitenge.

Bado nina hasira na wewe, lakini imepungua. Kile kiganja nimekiona.

Agar


Butembo, 23 Januari 2024

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye mashini. Nilicheka mpaka mteja akauliza kuna nini, halafu nikalia, akauliza tena, nikamwambia ni sindano.

Nimewaza sana kama nikuambie. Naogopa utaona nakucheka, nami sikucheki. Lakini nimekwisha kukudanganya vya kutosha. Mama, ile si simu ya kuongea. Ni sauti iliyowekwa, kama kwaya kwenye kaseti. Esdras alisema maneno yale miezi iliyopita, kisha akaenda kazini kwake. Hakusikii. Ndiyo maana hajibu habari za choo. Hana kiburi, maskini, msamehe. Choo nitamweleza mimi.

Na mara nilipoandika hivyo, kalamu ilinisimama. Kwa sababu mimi nilijua kwamba ni sauti iliyowekwa, sikuijibu hata siku moja. Baba yake alikuwa anauliza, "Luc, umekula nini?" nami nilikuwa nakata kitambaa na kushukuru kwamba mtoto ametulia. Amekulia mahali ambapo watu wanauliza na hakuna anayejibu. Angejuaje kwamba swali linangoja kitu? Sasa nimeelewa muuguzi aliniuliza nini.

Juzi nilijikuta nasema na chini ya meza. "Luc, pasi ina moto. Luc, hiki ni kifungo." Hakuna mtu pale. Majirani wataniona nimerukwa na akili.

Mama, nimefikiri. Kama kwako anamtazama mtu usoni, basi kaa naye. Sitapigana. Huko kuna mbuzi, kuna kuku, kuna Séphora, na kuna wewe. Hapa kuna mashini na makaa. Mtoto si kitambaa, nikikosea kumkata siwezi kununua kingine. Nitatuma uji na sabuni kila safari ya Jean-de-Dieu. Naomba tu akishajua kusema, msimfundishe kwamba nilimtupa.

Élise


Kalunguta, 1 Februari 2024

Élise, binti yangu,

Sadrack alikwisha kuniambia habari ya kaseti kabla ya barua yako, na alicheka yeye, tena mbele ya wateja wake, mmoja kichwa kimenyolewa nusu. Niliona haya, nikarudi nyumbani nikaapa sitaigusa tena simu ile. Jioni ikafika. Esdras akauliza, "Umekula nini leo?" nami nikafunga mdomo wangu. Luc akanivuta kitenge. Akanivuta tena, akanipiga goti, lile bovu. Basi nikajibu. Ile sauti haisikii, sawa, nimeelewa, sikuzaliwa jana. Lakini Luc anasikia.

Tukaendelea hivyo. Siku moja nilichelewa kwa sababu ya chungu kilichofurika, na nyuma yangu nikasikia, "Bitoke." Si mimi niliyesema. Nikashika mlango. Siku hiyo tulikuwa tumekula sombe, lakini sikumsahihisha. Kisha likaja "kuku", likaja "maji", likaja "hapana", na hilo la mwisho sasa linatumika mno katika nyumba hii.

Sasa nikueleze la juzi, kwa sababu ndilo lililonikalisha kuandika.

Humo ndani kuna sauti moja fupi ambayo Luc alikuwa anairuka siku zote. Juzi akaibonyeza. Esdras anasema, "Luc, mama iko wapi?" Na kabla sijafungua mdomo, mtoto akajibu, taratibu, kwa ile simu:

"Mama haiko."

Nikamwambia haraka, "Mama iko Butembo, iko kazi, atakuja." Akatikisa kichwa. Akabonyeza tena, baba yake akauliza tena, naye akajibu tena, "Mama haiko." Akabonyeza tena na tena. Alikuwa ananitazama mimi, si simu. Nimefundisha watoto wa kanisa hili maisha yangu yote kusema maneno niliyowapa. Haya sikumpa mimi. Ni yake mwenyewe ya kwanza, maneno mawili yaliyokaa pamoja, na ndiyo hayo.

Nilikuchukulia mtoto nikiwa na hasira, nikaiita desturi. Nisamehe.

Jean-de-Dieu anasema magari yataanza kupita Ijumaa. Jumamosi tunakuja, Luc na mimi, na kuku mmoja ambaye amekataa kuachana naye. Nitakaa kwako kiasi. Wewe utashona, nami nitakaa kati yake na ile pasi, nikishindana naye kwa maneno, na wewe ukisimamisha mashini utaingia katika mazungumzo. Utaona si kazi ngumu, ni kujibu tu.

Jumamosi usishone. Usinipikie kitu. Kaa mlangoni tangu asubuhi, akifika akuone, aseme mwenyewe kwamba uko.

Mama yako,
Agar Kyakimwa